Chuo Kilichojengwa ili Watu Waondoke



Historia za vyuo huandikwa mara nyingi kama daftari la duka: upande huu waanzilishi walioweka mtaji, upande ule wahitimu mashuhuri, ambao ndio faida. Chuo cha Lincoln, kilichoko katikati ya mashamba ya wilaya ya Chester, jimbo la Pennsylvania, kina faida ambayo vyuo vikubwa kuliko hicho vingeionea wivu. Kati ya 1929 na 1939 kilimtoa mshairi Langston Hughes. Kikamtoa Thurgood Marshall, Mweusi wa kwanza kuketi katika Mahakama ya Juu ya Marekani. Kikamtoa Nnamdi Azikiwe, rais wa kwanza wa Nigeria. Kikamtoa na Kwame Nkrumah, aliyeifikisha Ghana kwenye uhuru mwaka 1957. Hapa nazungumzia chuo cha wavulana mia chache, mbali na mji wowote mkubwa, kisicho na utajiri wa kutajika. Anayesoma majina hayo hujiuliza kwa haki kabisa: pale palikuwa na nini? Majibu mawili hutolewa upesi. La kwanza ni kwamba waanzilishi walikuwa watu wa maono. La pili ni kwamba elimu iliyofundishwa pale ilikuwa bora. Nitajaribu kuonyesha kwamba majibu yote mawili hayatoshi, na kwamba la kwanza karibu liko kinyume cha ukweli. Lincoln kilianzishwa kwa nia ambayo wahitimu wake bora waliikataa, kikafundishwa kwa miaka themanini hivi na watu ambao hawakuamini kwamba Mweusi angeweza kushika chaki mahali pao, na bado kikatoa watu hao. Kilichowafinyanga, kwa maoni yangu, ni wao kwa wao: chuo kiliwakusanya mahali pamoja vijana Weusi kutoka pande mbili za bahari ya Atlantiki, katika umri ambao mtu huamua atakuwa nani.

Tuanze na mwanzo wenyewe. Mchungaji John Miller Dickey wa kanisa la Presbiteri alihudumu katika mji mdogo wa Oxford, karibu kabisa na mpaka wa Maryland. Mpaka huo haukuwa mstari wa ramani tu. Kusini yake utumwa ulikuwa halali. Kaskazini yake ulikuwa umekomeshwa. Sheria ya mwaka 1850 kuhusu watumwa watoro ilikuwa imewapa wawindaji wa watu nguvu ya kuvuka na kukamata, na waliovuka hawakuwa makini sana kuuliza nani mtoro na nani mtu huru. Mwaka 1851 wasichana wawili wa ukoo wa Parker, Rachel na Elizabeth, wote huru tangu kuzaliwa, walitekwa katika eneo hilo, na Dickey alikuwa mmoja wa waliohangaika hadi wakarudishwa. Karibu na parokia yake palikuwa na kijiji cha Weusi huru kilichoitwa Hinsonville. Huko aliishi James Ralston Amos, kijana aliyetaka kuwa mhubiri. Dickey alimtafutia nafasi ya masomo, akakuta milango imefungwa, akaanza kumfundisha mwenyewe. Kutokana na mlango huo uliofungwa yeye na mkewe, Sarah Emlen Cresson, aliyelelewa katika dhehebu la Marafiki huko Philadelphia, waliamua kujenga chuo. Bunge la Pennsylvania lilikipa hati mwezi Aprili 1854. Kuna shule ya Weusi iliyoitangulia katika jimbo hilohilo, ile ya Cheyney ya mwaka 1837, lakini Cheyney ilichelewa kutoa shahada. Kwa hiyo Lincoln hujiita chuo cha kwanza cha Weusi nchini Marekani chenye kutoa shahada, na Cheyney hujiita kikongwe kuliko vyote, na kila upande una hoja yake. Ugomvi huo tuwaachie wenyewe.

Lililo muhimu zaidi ni jina. Chuo hakikuitwa Lincoln. Abraham Lincoln wakati huo alikuwa wakili wa Illinois. Kiliitwa Taasisi ya Ashmun, kwa heshima ya Jehudi Ashmun, mzungu aliyekuwa wakala wa Jumuiya ya Uhamishaji ya Marekani huko Liberia katika miaka ya 1820. Jumuiya hiyo iliamini kwamba Weusi walio huru hawana mahali Marekani na kwamba lililo jema kwao ni kurejeshwa Afrika, bara ambalo wengi wao, na hata babu zao, hawakupata kulikanyaga. Dickey aliiunga mkono. Hivyo mtu yuleyule aliyewatetea wasichana wa Parker wasiuzwe kusini ndiye aliyefikiri kwamba mwishowe wao na wenzao waende zao. Tusimwone mnafiki kwa haraka. Alikuwa mkweli katika mambo yote mawili, na hapo ndipo ugumu ulipo: huruma yake ilikuwa ya kweli, na mpaka wake ulikuwa wa kweli vilevile. Frederick Douglass na Weusi wengi wenye sauti kaskazini waliupinga uhamishaji kwa nguvu zao zote, kwa sababu waliona wazi kwamba mtu akikusaidia kuondoka kwenu, bado anakuondoa. Wahitimu wa kwanza wa Ashmun, mwaka 1859, walikuwa watatu: James Amos mwenyewe, ndugu yake Thomas Henry Amos, na Armistead Miller. Wote watatu walikwenda Liberia kama wamisionari. Mpango ulikuwa umefanya kazi kama ulivyochorwa.

Ulifanya kazi kwa muda mfupi sana. Mwaka 1860 alihitimu Christian Fleetwood wa Baltimore, kijana aliyekwisha kuiona Afrika Magharibi kwa macho yake kabla ya kumaliza masomo. Hakurudi huko. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto alijiunga na jeshi la Muungano, na mwaka 1864, katika mapigano ya Chaffin's Farm huko Virginia, alifanya ushujaa uliompatia Nishani ya Heshima, ambayo ndiyo tuzo ya juu kabisa ya kijeshi Marekani. Mtu aliyeandaliwa aione Marekani kama kituo cha kupita alikuwa amekubali kuifia. Mwaka 1866, mwaka mmoja baada ya kuuawa kwa rais aliyetangaza uhuru wa watumwa, chuo kilibadilisha jina. Mara nyingi badiliko hili hutajwa kama heshima kwa marehemu, na ni kweli. Lakini lilikuwa pia ungamo la kimyakimya kwamba shabaha ya kwanza imekufa. Watumwa milioni nne walikuwa wamepata uhuru. Hakuna aliyeweza tena kusema kwa uso mkavu kwamba dawa ni kuwapakia wote merikebuni.

Walioingia baada ya hapo walikuwa watu ambao sheria ya miaka michache nyuma iliwahesabu kuwa mali. William Drew Robeson alitoroka utumwa North Carolina akiwa kijana, akapata shahada Lincoln mwaka 1873, akawa mchungaji. Mwanawe Paul, mwimbaji, alikuja kusoma Kiswahili London katika miaka ya 1930. Ndugu Archibald na Francis Grimké walizaliwa utumwani Charleston, baba yao akiwa bwana wa mama yao. Mwaka 1868 shangazi yao mzungu, Angelina Grimké, mpinga utumwa mashuhuri, alisoma gazetini habari za mwanafunzi wa Lincoln mwenye jina la ukoo wake, akaandika barua kuuliza, akagundua ana wapwa ambao ukoo ulikuwa umewaficha. Wote wawili walihitimu mwaka 1870. Archibald akawa mwanasheria na mwanadiplomasia. Francis akawa mchungaji Washington kwa miongo mingi. Nathan Mossell, wa mwaka 1879, alikuwa Mweusi wa kwanza kuhitimu udaktari Chuo Kikuu cha Pennsylvania, na mwaka 1895 alianzisha hospitali ya Frederick Douglass huko Philadelphia. Chuo chenyewe husema kwamba katika miaka yake mia ya kwanza kilitoa karibu asilimia 20 ya madaktari Weusi wa Marekani na zaidi ya asilimia 10 ya mawakili wao. Hata tukiipunguza hesabu hiyo kwa ajili ya majivuno ya kawaida ya vyuo, inabaki kubwa mno.

Sasa waliofundisha walikuwa nani? Wazungu, karibu wote wachungaji wa Presbiteri, wengi wao wakitoka Princeton. Walifundisha Kilatini, Kiyunani, hisabati na falsafa kwa ukali, na walijitoa. Sina sababu ya kuwabeza. Lakini bodi na ualimu vilikuwa vyao peke yao. Mwaka 1885 Francis Grimké aliandika makala akitaka Weusi wapewe uprofesa katika vyuo vya Weusi, akauliza kwa hoja za mtu mwenye uchungu: ikiwa chuo kinatoa watu walioelimika, na chuo hicho hakiwaamini kufundisha, basi kinasema nini juu ya elimu yake? Hakujibiwa kwa vitendo wakati wa nguvu zake. Zaidi ya miaka arobaini baadaye, mwaka 1929, Langston Hughes akiwa mwaka wa mwisho aliwahoji wanafunzi wenzake wa madarasa ya juu, na asilimia 63 walisema wanapenda walimu wabaki wazungu watupu. Thurgood Marshall mwanzoni alikuwa upande huo wa wengi, kisha akabadilika. Hughes alichapisha matokeo, na chuo kikaona haya. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 profesa Mweusi wa kwanza alipatikana. Kwangu mimi huu ndio ushahidi mzito kuliko wote katika historia ya Lincoln, kwa sababu unatuonyesha kile ambacho taasisi yenyewe ilikuwa ikikifundisha bila kukiandika kwenye ratiba: kwamba mamlaka ya akili ina rangi. Na unatuonyesha pia kwamba somo hilo lilivunjwa na mwanafunzi, kwa hojaji ya mwanafunzi, mbele ya wanafunzi.

Mtu atanipinga hapa kwa hoja nzito. Atasema: walimu walikuwa na mapungufu, sawa, lakini mtaala ndio uliowakomboa. Lincoln kilimpa Mweusi Homer na Cicero wakati ambapo wafadhili wakubwa wa Marekani walitaka apewe jembe na randa. Hoja hii inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Chuo cha Hampton, Virginia, kilichoanza 1868, na Tuskegee, Alabama, kilichoanzishwa 1881 na Booker T. Washington, mhitimu wa Hampton, vilijengwa juu ya kazi za mikono. Mwaka 1924 tume ya mfuko wa Phelps-Stokes, ikiongozwa na Thomas Jesse Jones, aliyewahi kufundisha Hampton, ilizunguka Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na nchi jirani kuchunguza elimu. Ndani yake alikuwamo James Aggrey wa Gold Coast, ndiyo Ghana ya leo, ambaye naye alisoma na kufundisha Livingstone, chuo cha Weusi cha North Carolina. Tume ilipendekeza mtindo wa Hampton na Tuskegee, na serikali ya kikoloni ya Kenya iliupokea kwa mikono miwili: mwaka 1925 ilifunguliwa Jeanes School huko Kabete, ikifuata mfano wa walimu watembezi wa vijijini wa kusini mwa Marekani, na ikabeba jina la mfadhili wao, bibi Anna Jeanes wa Philadelphia. Mkoloni alipoviangalia vyuo vya Weusi wa Marekani alichagua vile vya seremala na bustani. Hakuna tume iliyopendekeza Lincoln ya Kenya. Je, si ushahidi kwamba watawala walijua hatari iko wapi, yaani kwenye vitabu?

Walidhani wanajua. Tatizo la hoja hii lina jina: Peter Mbiyu Koinange. Mwaka 1927 baba yake, Chifu Koinange wa Kiambu, alimpeleka Hampton, chuo kilekile ambacho kingetakiwa kumrudisha kijana mtulivu mwenye ufundi mikononi. Kutoka Hampton aliendelea Ohio Wesleyan, kisha Columbia mjini New York. Aliporudi Kenya mwaka 1938 alikataa mshahara mdogo kuliko wa mzungu mwenye sifa kama zake, na mwaka uliofuata akaongoza chuo cha walimu huko Githunguri, kilichojengwa kwa michango ya wananchi na kusimama nje ya mikono ya wamisionari na serikali. Jomo Kenyatta alikuja kukiongoza baadaye. Serikali ilikifunga mwaka 1952 ilipotangaza hali ya hatari, na mahali pale pakageuzwa pa kunyongea watu. Mfano mwingine ni John Chilembwe wa Nyasaland. Alisoma seminari ya Wabatisti Weusi huko Lynchburg, Virginia, mwishoni mwa karne ya 19, akarudi nyumbani mwaka 1900 kujenga shule zenye nidhamu, nguo nadhifu na kazi za mikono, ambazo wamisionari wazungu waliweza kuzisifu. Mwaka 1915 aliongoza uasi dhidi ya walowezi. Kwa hiyo mtaala wa Cicero haukuwa sharti, na mtaala wa randa haukuwa kinga. Kuna kitu kingine kilichokuwa cha pamoja kati ya Hampton, Lynchburg na Lincoln, nacho hakikupangwa na bodi yoyote.

Kitu hicho ni kukutana, na Lincoln ndicho kinachokionyesha kwa uwazi kuliko vingine, kwa sababu ya udogo wake na kwa sababu nia ile ya kale ya Liberia ilikuwa imekiachia mazoea ya kupokea Waafrika. Tangu miaka ya 1870 walikuwako wanafunzi kutoka Liberia. Baadaye wakaja wa Afrika Kusini. Azikiwe alifika Marekani mwaka 1925, akapitia Storer huko West Virginia na Howard mjini Washington, akaishiwa fedha, akaishia Lincoln, ambako alipata shahada mwaka 1930, mwaka mmoja na Marshall. Alikaa hapo kama mwalimu, akashughulika na historia ya Afrika kwa bidii ambayo chuo hakikuizoea. Mwaka 1934 akarudi Afrika Magharibi na kuhariri gazeti mjini Accra, kisha mwaka 1937 akaanzisha lake, West African Pilot, mjini Lagos. Magazeti yake yalibeba kitu alichokipata kwenye magazeti ya Weusi wa Marekani: lugha ya kumzungumzia mtawala kama mtu anayedaiwa. Kijana mmoja mwalimu huko Gold Coast alilisoma lile la Accra na kumsikiliza, akaomba nafasi Lincoln. Huyo ni Nkrumah. Aliingia mwaka 1935, akapata shahada ya kwanza 1939 na ya theolojia 1942, huku akijitafutia riziki likizoni kwa kazi za melini na viwandani, akihubiri Jumapili katika makanisa ya Weusi, na akishika uenyekiti wa umoja wa wanafunzi Waafrika nchini Marekani. Katika kipindi hicho alikuja Lincoln pia Ako Adjei, mwenzake wa Gold Coast. Mwaka 1947 viongozi wa chama kipya mjini Accra walipotafuta katibu mkuu, Ako Adjei ndiye aliyelitaja jina la Nkrumah, aliyekuwa London wakati huo. Ukiufuata uzi huu, kutoka Azikiwe hadi Nkrumah, kutoka Nkrumah hadi Ako Adjei na kurudi tena kwa Nkrumah, hukuti kozi wala profesa. Unakuta watu waliofahamiana.

Uzi huo ulikwenda pande zote mbili, na hili husahaulika. Hatuna sababu ya kufikiri kwamba Waafrika walikwenda Marekani kupokea tu. Mwafrika aliyeketi bwenini na kijana wa Baltimore alimwonyesha kwamba kuna nchi ambako Weusi ndio wengi na bado wanatawaliwa. Kijana wa Baltimore alimwonyesha kwamba kuna nchi ambako wameandikiwa haki kwenye katiba na bado hawazipati. Kila mmoja alikuwa na nusu ya swali. Mwezi Januari 1960 Marshall, ambaye miaka sita nyuma alikuwa ameshinda kesi ya Brown iliyoharamisha ubaguzi katika shule za umma, alifika Kenya kwa mwaliko wa wanasiasa Waafrika, akiwamo Tom Mboya. Alisimulia baadaye kwamba polisi walimzuia kuhutubia mkutano, akaomba aseme neno moja tu la salamu, akapaza sauti: Uhuru! Kutoka hapo alikwenda London kwenye mkutano wa Lancaster House kuhusu katiba ya Kenya kama mshauri wa wajumbe Waafrika, akaandika rasimu ya haki za raia. Rasimu ile ilizingatia usalama wa walio wachache, Wahindi na wazungu, kiasi cha kuwashangaza baadhi ya waliomwalika. Alikuwa wakili aliyejenga maisha yake kwa kuwatetea wachache dhidi ya wengi, na hakuona sababu ya kubadili kanuni kwa kuwa safari hii wengi ni Waafrika.

Pingamizi lililo gumu zaidi bado sijaligusa. Pengine Azikiwe angekuwa Azikiwe popote, na chuo kinachojisifia watu waliofika wakiwa wamekwisha kuiva kinajisifia bahati. Mtu aliyethubutu kuvuka bahari mwaka 1925 bila karo, hakika hakuwa mtu wa kawaida kabla ya kuvuka. Nakubali sehemu kubwa ya hoja hii. Nakubali pia kwamba London ilikuwa na makutano yake, kwamba Kenyatta hakuhitaji Pennsylvania, na kwamba mkutano wa umajumui wa Afrika wa Manchester, Oktoba 1945, uliowakutanisha Kenyatta na Nkrumah, uliandaliwa Uingereza. Lakini ujasiri wa mtu hauamui ataelekea wapi nao. Watu wengi jasiri wa kizazi kile walirudi na shahada za sheria wakawa mawakili hodari wa mashamba na mirathi. Tofauti ya chuo cha Weusi Marekani ilikuwa kwamba Mwafrika hakuwa mgeni wa pekee mezani, anayestahimiliwa kwa adabu. Alikuwa miongoni mwa watu waliofanana naye, waliozaliwa katika nchi tajiri kuliko zote, wenye madaktari wao, makanisa yao na magazeti yao, na walionyimwa kura nusu ya nchi hiyo. Hapo ni vigumu kuendelea kuamini kwamba unatawaliwa kwa kuwa hujastaarabika. Storer, Howard, Hampton na Wilberforce vingeweza kutoa somo hilohilo, na vilitoa. Sisemi Lincoln kilikuwa na siri yake peke yake.

Na somo hilo lilikuwa na mapengo. Mpaka mwaka 1952 Lincoln kilikuwa cha wanaume. Undugu ninaousifu hapa ulikuwa wa kiume kabisa, na siasa iliyotoka humo ilibeba alama hiyo: mabaraza ya mawaziri ya wanaume, magazeti ya wanaume, hata magomvi ya wanaume. Haikuwa lazima iwe hivyo. Chuo cha Wilberforce, Ohio, kilikwisha kumpa Charlotte Maxeke wa Afrika Kusini shahada mwaka 1901, na yeye akarudi kwao kuwaongoza wanawake dhidi ya pasi za kutembelea. Miaka hamsini ya kuchelewa ni mingi kwa chuo kilichojiita cha uhuru.

Mwaka 1945 Lincoln kilipata rais Mweusi wa kwanza, Horace Mann Bond, mhitimu wake wa 1923. Mwaka uliofuata alimpokea Albert Einstein, aliyekataa vyuo vingi vilivyomtaka kwa sherehe, akaja Lincoln kupokea shahada ya heshima, akawaambia wanafunzi kwamba ubaguzi ni maradhi ya wazungu. Mwaka 1950 Bond alianzisha taasisi ya masomo ya Afrika, na mwaka 1951 Nkrumah, aliyetoka gerezani na kuongoza serikali ya Gold Coast, alirudi kutunukiwa shahada ya heshima. Kile kilichokuwa kikifanyika bwenini kwa bahati kilikuwa sasa kimeingia kwenye mpango. Lakini mlango ulikuwa umeanza kufunguka kwingine, na aliyeusukuma alikuwa Marshall: baada ya kesi ya Brown, mwanafunzi Mweusi mwenye akili na Mwafrika mwenye ufadhili wangeweza kuchagua vyuo vyenye maabara na fedha ambazo Lincoln hakikuwa nazo. Ndege za wanafunzi zilizoanza kutoka Kenya mwaka 1959 kwa juhudi za Mboya ziliwatawanya vijana katika vyuo vya kila aina, vya Weusi na vya wazungu. Wapo wanaosema basi vyuo hivi vimemaliza kazi yake. Sikubaliani nao, ila jibu langu halitokani na majina ya kale. Kuruhusiwa kuingia chuoni ni jambo moja, na kuwa pale bila kuombwa ujieleze ni jambo jingine. La pili halikutolewa na mahakama yoyote.

Nimebakiza swali ambalo ni haki niulizwe: ikiwa ni urafiki uliowafinyanga, mbona haukudumu? Azikiwe na Nkrumah walitofautiana waziwazi juu ya umoja wa Afrika. Nkrumah alitaka serikali moja ya bara zima mara moja. Azikiwe alitaka ushirikiano wa hatua kwa hatua baina ya nchi huru. Hiyo ni tofauti ya hoja, na sioni kwamba inaidhuru hoja yangu. Watu walioketi meza moja wana haki ya kufikia majibu tofauti. La Ako Adjei ni zito zaidi. Mwaka 1948 Waingereza walimkamata yeye na Nkrumah pamoja, wakiwa miongoni mwa viongozi sita wa chama kile cha Accra. Baada ya uhuru alikuwa waziri wa mambo ya nje wa rafiki yake. Mwezi Agosti 1962 bomu lilirushwa kumwua Nkrumah huko Kulungugu, na Ako Adjei akashtakiwa kwa uhaini. Mwezi Desemba 1963 mahakama ilimwachia huru. Nkrumah akamfukuza jaji mkuu, kesi ikaanza upya mbele ya jaji mwingine, na mtu aliyependekeza jina lake mwaka 1947 akahukumiwa kufa, hukumu ambayo baadaye ilibadilishwa kuwa kifungo. Marshall alikuwa amekwisha kuwaandikia Wakenya vifungu vya kumlinda mtu dhidi ya hasa jambo la namna hiyo. Ako Adjei alitoka gerezani mwaka 1966, baada ya wanajeshi kumpindua Nkrumah, akaishi hadi 2002, wa mwisho kufa kati ya wale sita.